Shule Ndogo ya Manguo: Historia Yake na Funzo Lake kwa Walimu wa Lugha

Tukiitazama historia ya elimu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, twaona ya kwamba iliyo nyingi imeandikwa kutoka juu. Twasoma habari za tume na taarifa zake, za magavana na maaskofu, na za shule kubwa zilizowatoa mawaziri na majaji. Shule ndogo ya kijijini, ile ya kuta za udongo na walimu wachache wasiolipwa sawasawa, aghalabu haipati hata ukurasa mmoja. Hata hivyo ndiyo iliyowafunza watu wengi kushika kalamu, na ndiyo iliyosimamishwa kwa jasho la wenyeji.

Katika makala haya twapenda kumsimulia msomaji habari za shule moja ya namna hiyo, nayo ni shule ya Manguo, huko Limuru, nchini Kenya, pamoja na shule zilizokuwa dada zake. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia yake yaonyesha wazi yale yawezayo kufanywa na watu wa kijiji waliokusudia watoto wao wasome, na yale yawezayo kuwapata baadaye. Ya pili yatuhusu hasa sisi tufundishao Kiswahili hapa Uganda. Ndani ya historia hiyo limo swali ambalo hatujalimaliza hata leo: lugha ya shule yachaguliwa na nani, na kwa faida ya nani?

Limuru na mtengano wa mwaka 1929

Limuru iko kaskazini-magharibi ya Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi, katika nyanda za juu zenye baridi na ukungu. Reli itokayo Mombasa kuja kwetu Uganda hupita hapo kabla ya kuteremka katika Bonde la Ufa. Udongo wake ni mwema, na kwa ajili ya wema huo sehemu kubwa ya ardhi ilitwaliwa na walowezi wa Kizungu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wakikuyu wenyeji wakawa vibarua au wapangaji kando ya mashamba ambayo baba zao waliyalima kama mali yao. Manguo ni mahali katika Limuru hiyo, karibu na kinamasi chenye jina hilohilo.

Elimu ya kitabu iliingia huko kwa mikono ya wamisionari. Serikali ya kikoloni haikujenga shule nyingi kwa ajili ya Waafrika. Iliwaachia wamisionari kazi hiyo, ikawa inawasaidia kwa ruzuku. Wenye nguvu katika sehemu za Kiambu walikuwa Kanisa la Scotland, lililokuwa na makao yake Thogoto, na Africa Inland Mission ya Kijabe. Karibu na Manguo palikuwa na shule ya misheni ya Kamandura. Katika shule hizo kanisa na darasa vilikuwa kitu kimoja. Mwalimu alikuwa mhubiri, na sheria ya kanisa ndiyo iliyokuwa sheria ya shule. Mtu aliyetengwa na kanisa alijua ya kwamba na mlango wa shule umefungwa kwake na kwa watoto wake.

Mwaka 1929 jambo hilo lililipuka. Wamisionari waliamua kuipiga vita tohara ya wasichana, wakawataka walimu na waumini watie sahihi au alama ya kidole gumba kwamba wameikana desturi hiyo, na kwamba hawana shirika na chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Alama hiyo ya kidole kwa Kikuyu huitwa kirore, na waliokubali wakapewa jina hilo. Waliokataa wakaitwa aregi, yaani wakataaji. Nchi yote ya Wakikuyu ikagawanyika. Wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu, ukaenea kijiji hadi kijiji mpaka serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Familia nyingi zikawatoa watoto wao katika shule za misheni.

Hapa yatupasa kusema kweli bila kuficha. Desturi iliyotetewa na aregi ni ile ambayo leo twaiita ukeketaji, nayo iliwadhuru wasichana na kuwaua baadhi yao. Kenya yenyewe, ikiwa nchi huru, iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na hakuna mwalimu mwenye kujali afya ya wanafunzi wake atakayeisikitikia. Lakini mtu akidhani kwamba ugomvi wa mwaka 1929 ulikuwa wa desturi hiyo peke yake, ataikosa historia. Ulikuwa pia ugomvi wa ardhi iliyotwaliwa, wa kodi iliyolipwa bila kuonekana shule, na wa wazee walioona kwamba mgeni mmoja akikasirika aweza kuwanyima watoto wao elimu kwa siku moja. Swali lililokuwa chini ya maswali yote lilikuwa hili: shule hii ni ya nani?

Wakataaji wajenga

Walipotoka misheni, aregi hawakusema kwamba hawataki elimu. Walisema wanaitaka, ila wataisimamia wenyewe. Na si kwamba walianza bila kielelezo, kwani hata kabla ya mwaka 1929 palikuwa na watu katika nchi ya Wakikuyu waliokwisha kujaribu kuanzisha shule zao, kama vile huko Gituamba katika wilaya ya Murang'a. Baada ya mtengano, vijiji vingi vikafuata njia hiyo.

Namna ya kujenga ilikuwa ile tuijuayo sote katika vijiji vyetu. Mzee mmoja au ukoo mmoja hutoa kipande cha ardhi. Wanaume hukata miti na kusimamisha nguzo, wanawake hukanyaga udongo, huchota maji na kuleta nyasi za kuezekea. Kila nyumba hutoa fedha kidogo kwa ajili ya vitabu, ubao na mshahara wa mwalimu. Walimu wenyewe aghalabu walikuwa vijana waliosoma madarasa machache katika shule zilezile za misheni walizoziacha. Walilipwa kidogo, na mara nyingine walingoja mpaka mavuno yauzwe. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa vibaba hivyo shule zikasimama.

Katika miaka ya 1930 shule hizo zilijikusanya katika vyama viwili. Cha kwanza kilikuwa Kikuyu Independent Schools Association, kijulikanacho kwa ufupi kama KISA, kilichokuwa na nguvu katika Murang'a, Nyeri na Embu. Hiki kilikuwa tayari kupatana na serikali, kufuata mtaala wake na kuwapokea wakaguzi, mradi shule zibaki mikononi mwa wenyeji. Cha pili kilikuwa Kikuyu Karing'a Education Association, chenye mizizi yake Kiambu. Neno karing'a maana yake ni safi au halisi, na jina hilo latuonyesha msimamo wa watu wake: hawakutaka kuchanganyika na misheni wala kuwa chini ya serikali kwa jambo lolote waliloweza kulikwepa. Shule ya Manguo ilikuwa upande huu wa Karing'a.

Msomaji wa Uganda atapendezwa kujua kwamba nchi yetu ina sehemu yake katika habari hizi. Wakataaji walipotoka makanisani walikosa watu wa kuwabatiza watoto na kuwazika wafu. Wakati huohuo Muganda mmoja, Reuben Mukasa Spartas, alikuwa amejitenga na Kanisa la Kianglikana kwa sababu kama hizo, na mwaka 1932 alipewa upadre na Askofu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika, aliyesafiri kutoka Afrika ya Kusini. Askofu huyohuyo alialikwa na Wakikuyu, akafika kwao mwaka 1935, akakaa mpaka mwaka 1937 akiwafundisha mapadre wa kwanza wa makanisa yao huru. Watu wa Karing'a wakashikamana na Uorthodoksi, kama alivyofanya Spartas. Kwa hiyo mipaka iliyochorwa na Waingereza haikuwazuia watu wenye haja moja kutafutana.

Lugha ya shule: neno lililowagonganisha

Sasa twafika katika jambo linalotuhusu zaidi. Shule hizi za wenyeji zilifundisha kwa lugha gani?

Wengi wangekisia kwamba watu waliojiita safi, wenye kuitetea mila hata kugombana na kanisa, wangalikataa kabisa lugha ya Mwingereza. Haikuwa hivyo. Mojawapo ya malalamiko yao makubwa juu ya misheni na serikali lilikuwa kwamba watoto wa Kiafrika wanacheleweshwa kufundishwa Kiingereza. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imezunguka Afrika ya Mashariki na kupendekeza elimu iliyotazama maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Siasa iliyofuata ilitaka mtoto aanze kwa lugha ya nyumbani, Kiswahili kipate nafasi yake katika madarasa ya kati, na Kiingereza kije mwishoni kwa wale wachache watakaofika huko.

Kwa mtaalamu wa ualimu, sehemu kubwa ya mpango huo yaonekana kuwa ya akili. Hata leo twafundisha katika vyuo vyetu ya kwamba mtoto huelewa upesi akianza kwa lugha aliyonyonya. Lakini mzee wa Kiambu hakuusoma mpango huo chuoni. Aliusoma katika maisha yake. Aliona kwamba sheria zilizomnyang'anya ardhi ziliandikwa kwa Kiingereza, kwamba hakimu alisema Kiingereza, na kwamba watoto wa walowezi hawakuambiwa wangoje. Akahitimu kwamba anayemficha mtoto wake lugha hiyo anamficha ufunguo wa sanduku lililofungiwa mali yake. Akataka Kiingereza kifundishwe mapema, na akajenga shule ili kipatikane.

Hata hivyo kutaka Kiingereza kifundishwe si sawa na kutaka Kikuyu kitupwe. Tofauti hii ndiyo iliyoonekana Manguo. Shahidi wetu ni mtu ambaye jina lake halihitaji kutambulishwa kwa walimu wa fasihi, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru tarehe 5 Januari 1938 na kufariki tarehe 28 Mei 2025. Ngũgĩ alianza masomo katika shule ya misheni ya Kamandura, kisha akahamia Manguo. Katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986) aeleza kwamba katika shule zote mbili lugha ya kufundishia ilikuwa Kikuyu, na kwamba mara yake ya kwanza kushangiliwa kwa ajili ya kazi aliyoiandika ilikuwa kwa insha ya Kikuyu. Kwa miaka yake minne ya kwanza, asema, lugha ya darasani na lugha ya wakulima wa Limuru zilipatana. Mtoto hakuvuka mto wowote alipotoka nyumbani kwenda shuleni.

Basi katika shule ya wenyeji lugha ya nyumbani ilitumika kuwa msingi, na Kiingereza kikawa kitu cha kuongezewa juu yake. Wazazi waliiona kuwa lugha ya kupata, hawakuiona kuwa lugha ya kupotelea ndani yake. Mpangilio huo haukuletwa na mtaalamu yeyote. Ulitokana na jambo moja sahili: shule ilikuwa yao, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuiogopa lugha yoyote iliyoingia ndani yake.

Githunguri, mama wa shule ndogo

Shule ndogo zikiongezeka, walimu wenye mafunzo hawakutosha. Wenyeji wakaamua kujenga chuo chao cha ualimu huko Githunguri, Kiambu, na kikafunguliwa tarehe 7 Januari 1939. Aliyekiongoza mwanzoni alikuwa Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Fedha za chuo zilichangwa na watu wa kawaida, na njia moja iliyotumiwa ni ya marika, yaani watu waliotahiriwa pamoja kutoa mchango wao kama rika moja, kila rika likiona haya kupitwa na jingine. Wanawake nao, walipoona kwamba wasichana hawana mahali pazuri pa kulala, walijikusanya, wakachanga na kujenga bweni la wasichana.

Jambo hili la bweni twaona lastahili kukumbukwa. Watu waliotuhumiwa kwamba wanawarudisha wasichana nyuma walikuwa pia watu ambao wake zao walibeba mawe ili wasichana wapate kusoma. Historia ya kweli mara nyingi ina pande mbili za namna hii, na mwalimu asiwape wanafunzi wake upande mmoja tu.

Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga na kazi ya Githunguri, na baadaye akawa mkuu wake. Kuanzia hapo serikali ilikiona chuo kile, pamoja na shule zote ndogo zilizokitegemea, kuwa kiota cha siasa. Ilikuwa kweli kwamba siasa ilikuwamo. Lakini yafaa tuulize, je, katika nchi ambayo mtu hana kura wala ardhi, pana shule gani ya wenyeji iwezayo kukosa siasa?

Mwaka 1952: shule yabadilika bila kuhama

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Baada ya muda mfupi shule za KISA na Karing'a zikaanza kufungwa. Chuo cha Githunguri kilifungwa, na mahali pale palipofundishiwa walimu pakageuzwa kuwa kifungo na mahali pa kunyongea watu. Hatujui mfano mwingine katika Afrika ya Mashariki wa chuo cha ualimu kilichopatwa na mwisho wa kutisha kiasi hicho.

Baadhi ya shule ndogo hazikufunguliwa tena. Nyingine, Manguo ikiwa mojawapo, zilirudishiwa wanafunzi lakini zikawekwa chini ya bodi za elimu za wilaya, zilizokuwa na Waingereza juu yake. Majengo yalikuwa yaleyale, na watoto walikuwa walewale, lakini shule haikuwa ileile. Katika kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War (2010), Ngũgĩ aonyesha mabadiliko hayo kama mtoto alivyoyaona. Hapo kwanza walimu waliwasimulia habari za wafalme wa Kiafrika kama Shaka wa Wazulu. Baadaye somo la historia likawa habari za Wazungu waliovumbua milima na mito ambayo babu zao watoto waliiteka maji na kuichungia mifugo.

Kisha lugha. Kiingereza, ambacho wazazi walikuwa wakikiomba kwa miaka zaidi ya 20, sasa kilikuja. Lakini kilikuja kama askari. Mtoto aliyekutwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa viboko, au alivikwa shingoni kibao chenye maneno ya kumtukana, au alitozwa faini ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Watoto walifundishwa kukamatana wenyewe kwa wenyewe. Na katika mtihani wa kumaliza shule za chini, mwanafunzi aliyeanguka Kiingereza alikuwa ameanguka yote, hata akiwa amefaulu masomo mengine kwa sifa. Ngũgĩ amtaja mwenzake mmoja aliyekuwa hodari katika kila somo ila hilo, ambaye aliishia kuwa utingo wa basi, hali Ngũgĩ mwenyewe alichukuliwa katika shule ya Alliance mwaka 1955.

Hapo ndipo ilipo shabaha ya makala yetu. Lugha ni moja, Kiingereza kilekile. Mwaka 1935 mzazi wa Limuru alikuwa tayari kuuza mbuzi ili mwanawe akijue. Mwaka 1955 lugha hiyohiyo ilimfanya mtoto amwonee haya mama yake. Kilichobadilika hakikuwa sarufi yake wala msamiati wake. Aliyebadilika ni mwenye shule.

Moto uliowaka tena Kamiriithu

Mtu aweza kudhani kwamba moyo ule wa kujijengea ulikufa mwaka 1952. Haukufa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, vijiji vilijenga shule nyingi za Harambee, nyingi zikiwa za sekondari, na namna ya kuzijenga ilikuwa ileile ya aregi: ardhi ya kutolewa, nguvu za mikono, na michango midogo midogo.

Hata katika Limuru yenyewe, karibu na Manguo, moyo huo ulijitokeza tena mwaka 1976. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamiriithu walifungua kituo cha elimu na utamaduni. Walianza na kisomo cha watu wazima, kisha wakajenga jukwaa la maonyesho kwa mikono yao, na mwaka 1977 wakaigiza kwa Kikuyu tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Maonyesho yakapigwa marufuku mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Serikali iliyobomoa safari hii haikuwa ya kigeni. Hili nalo twapaswa kulikumbuka, tusije tukafikiri kwamba mwenyeji akishika madaraka basi swali la nani mwenye shule limekwisha kujibiwa.

Funzo kwetu tufundishao Kiswahili

Tukirudi kwetu Uganda, twaona ya kwamba Kiswahili kimepita katika njia inayofanana na ile ya Kiingereza huko Limuru, ijapokuwa kwa sura nyingine. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, na maaskofu wakapinga pamoja naye. Hawakusema kwamba Kiswahili ni lugha mbaya. Waliogopa kwamba nyuma yake kuna mpango wa kuziunganisha nchi hizi chini ya walowezi wa Kenya, na kwamba ardhi ya Buganda itapotea kama ilivyopotea ya Limuru. Mwaka 1952 Kiswahili kikaondolewa katika orodha ya lugha za shule za Uganda. Ulikuwa mwaka uleule ambao shule za Karing'a zilianza kufungwa.

Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na watu wengi wakakisikia katika vinywa vya askari wenye bunduki. Twajua, sisi tuliosimama mbele ya madarasa baada ya hapo, ilivyotugharimu kuwashawishi wazazi kwamba lugha hii ni ya wasomi, ya wafanyabiashara, ya majirani na ya washairi pia. Mwaka 2005 katiba ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini historia ya Manguo yatuonya. Wakikuyu walidai Kiingereza kwa sababu kilizuiwa na watu wasiowaamini. Waganda walikikataa Kiswahili kwa sababu kililetwa na watu wasiowaamini. Matendo ni tofauti, sababu ni moja. Mzazi haipimi lugha kwa uzuri wake, humpima aliyeileta. Amri ya serikali yaweza kuingiza Kiswahili katika ratiba ya masomo, lakini haiwezi kukiingiza katika mapenzi ya mzazi. Kazi hiyo imebaki kwetu, nayo hufanyika katika shule ndogo, mmoja mmoja.

Twapendekeza basi mambo matatu, ambayo yote twayachota katika habari tulizosimulia. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili aende kwenye mikutano ya wazazi kabla hajaenda darasani, awaeleze kwa lugha yao wenyewe faida ya Kiswahili sokoni, mpakani na katika jumuiya yetu, na awasikilize wenye mashaka bila kuwadharau. Pili, kisiwe kamwe chombo cha kuadhibia. Mwalimu amvikaye mtoto kibao kwa sababu amesema Kiganda, Kiacholi au Lusoga karibu na darasa la Kiswahili anarudia dhambi ya mwaka 1952 kwa mkono wake mwenyewe. Tatu, tuwaache wenyeji waione lugha hii kuwa ni kitu cha kuongezewa juu ya msingi wa lugha yao, kama walivyofanya wazee wa Manguo walipokuwa wao ndio wenye shule.

Tangu mwaka 1997 Uganda ilipoanza elimu ya msingi bila karo, shule nyingi zilizojengwa na wazazi zimepata msaada wa serikali, jambo jema lililowapeleka mamilioni ya watoto darasani. Pamoja na hayo, katika vijiji vingi twasikia wazazi wakiiita shule "ya serikali", hata ile ambayo babu zao waliikanyagia udongo. Tuwaombe walimu wenzetu wafanye utafiti mdogo kila mmoja mahali pake: ni nani aliyetoa kiwanja, ni akina nani waliosimamisha nguzo za kwanza, mwalimu wa kwanza alilipwa nini, na alifundisha kwa lugha gani. Wazee wanaoyajua hayo wanapungua kila mwaka. Habari hizo zikiandikwa, ziandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji bega kwa bega, zisomwe darasani mbele ya wazazi. Mtoto atakayesoma kwa Kiswahili jina la bibi yake miongoni mwa waliobeba maji ya kukandia udongo wa shule hatauliza tena lugha hii ni ya nani.